Visvesvaraya, mhandisi wa maji aliyekabidhiwa dola la Mysore

Wahandisi wa India huadhimisha siku yao kila Septemba 15, tarehe aliyozaliwa Mokshagundam Visvesvaraya. Wengi wakimzungumzia hukimbilia bwawa kubwa la Krishna Raja Sagara. Mimi, kwa kuwa mabwawa ndiyo kazi yangu, huanzia bwawa la Khadakwasla, nje kidogo ya mji wa Pune, kwa sababu pale ndipo unapoona jinsi mtu huyu alivyofikiri.

Ukuta wa mawe wa Khadakwasla ulikuwepo tayari. Mji na mashamba yalihitaji maji zaidi, na huku kila msimu wa mvua maji mengi yalipita juu ya utoro wa maji, yaani sehemu ya bwawa iliyoachwa kupitisha maji yaliyozidi, yakapotelea mtoni. Mtu angesema, basi tuinue ukuta. Lakini kina cha maji kikiongezeka mara mbili, msukumo kwenye ukuta huongezeka mara nne, na msingi wa zamani haukujengwa kwa mzigo huo. Visvesvaraya akaliangalia jambo kwa upande mwingine. Ukuta ule ulikuwa umeshapigiwa hesabu ya kuhimili kina cha mafuriko, yaani kina ambacho maji hufikia kwa siku chache tu za mwaka. Kwa nini yasibaki pale pale hata mafuriko yakipita?

Akabuni milango ya kukaa juu ya utoro, iliyoshikiliwa na vizito vya kusawazisha. Maji yakiwa chini ya kiwango kilichowekwa, lango limefunga. Yakizidi, yenyewe ndiyo yanayovuruga mizani na lango linaachia. Yakishuka, linajifunga tena. Hakuna mlinzi wa kuamshwa usiku wa manane kukiwa na dhoruba. Hataza yake ni ya mwaka 1903, na milango ya aina hiyo iliwekwa baadaye pia Krishna Raja Sagara. Naipenda kazi ile kuliko zote alizofanya, maana aliongeza akiba ya maji bila kuongeza urefu wa ukuta.

Alizaliwa kijiji cha Muddenahalli, kusini mwa India, akafiwa na baba angali kijana. Bangalore alisoma huku akifundisha watoto wa watu ili apate ada, kisha akasomea uhandisi Pune na kuajiriwa na serikali ya Bombay. Mwaka 1906 alitumwa Aden, bandari ambayo wakati huo ilitawaliwa kutoka Bombay, kuchunguza maji ya kunywa na maji taka. Septemba 28, 1908, mto Musi uliufurikia mji wa Hyderabad na kuua maelfu ya watu. Walipomwita, hakuishia kwenye kuta za kingo za mto. Alipendekeza mabwawa juu ya mji, yayapokee mafuriko na kuyaachia kidogo kidogo. Osman Sagar lilikamilika 1920, Himayat Sagar 1927.

Mwaka 1909 akawa mhandisi mkuu wa dola la Mysore, na mwaka 1912 Maharaja Krishnaraja Wadiyar IV akampa cheo cha Diwan, yaani waziri mkuu. Bwawa la Krishna Raja Sagara, kwenye mto Kaveri, lilikuwa limeshaanza kujengwa 1911. Chini ya mto huo kulikuwa na Madras, jimbo lililotawaliwa na Waingereza, nalo lilipinga. Ruhusa iliyopatikana ilikuwa ya ukuta wa futi 80 tu. Mysore ikajenga msingi wenye upana wa kubeba ukuta mrefu zaidi, kabla ya kuwa na idhini ya kuupandisha. Hapo mhandisi na mwanasiasa walikuwa mtu mmoja: msingi hauna nafasi ya pili, na mazungumzo huenda miaka.

Mawe ya ukuta ule yaliunganishwa kwa surki, mchanganyiko wa chokaa na unga wa matofali ya kuchoma, badala ya saruji. Aliyewahi kugusa kuta za Kilwa Kisiwani zilizojengwa kwa chokaa ya matumbawe hatashangaa kwamba ukuta huo wa zaidi ya kilomita mbili na nusu bado umesimama.

Ndani ya miaka sita ya uwaziri mkuu kulianzishwa Benki ya Mysore (1913), Chuo Kikuu cha Mysore (1916), chuo cha uhandisi Bangalore (1917), kiwanda cha sabuni ya msandali, na mipango ya kiwanda cha chuma cha Bhadravati, kilichotumia makaa ya kuni kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa mbali mno.

Uwaziri mkuu wake uliisha 1918 kwa jambo ambalo wasifu mwingi huliruka. Kazi za serikali zilikuwa zimejaa Wabrahmini, tabaka la juu la Wahindu, naye alikuwa mmoja wao. Maharaja alitaka kuwatengea nafasi watu wa tabaka nyingine. Visvesvaraya alishikilia kwamba ajira ifuate uwezo peke yake, akajiuzulu. Kwa maoni yangu alikosea. Uwezo hutokana na nafasi ya kusoma, na mtu aliyejilipia ada kwa kufundisha alipaswa kuliona hilo mapema kuliko wengine. Namheshimu vilevile.

Aliishi hadi 1962, akiwa na miaka mia au zaidi, na mwaka 1955 alipewa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya India. Ugomvi wa Kaveri ulimshinda umri. Mkataba wa 1924 ndio ulioruhusu bwawa kufikia urefu wake wote, lakini Karnataka (Mysore ya zamani) na Tamil Nadu (Madras ya zamani) ziliendelea kuvutana, na Mahakama ya Juu ya India ilitoa hukumu ya mgawo mwaka 2018. Mvua zikichelewa, mkulima wa miwa wa Mandya, Karnataka, huuliza kwanza maji yako futi ngapi Krishna Raja Sagara, na yule wa bonde la chini, Tamil Nadu, huuliza yatafunguliwa lini.