Picha ya ubongo: inajibu nini, haijibu nini

Daktari anasema tatizo liko kwenye "mtandao wa ubongo". Mtandao gani huo?

Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na hakuna kazi kubwa inayofanywa na sehemu moja peke yake. Kwa mtu wa Tanga, Segera inatosha kuwa mfano. Uende Moshi, uende Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze, utapita hapo. Lori likilala barabarani Segera, Tanga mjini hakuna kilichoharibika, ila mabasi hayafiki. Ubongo nao una njia panda zake. Kiharusi kidogo kikipiga hapo, mgonjwa hushindwa kazi za sehemu za mbali ambazo zenyewe ni nzima.

Mtandao huo unapigwaje picha?

Kuna vitu viwili hapa, na watu huvichanganya. Barabara zenyewe, yaani nyuzi za neva, huchorwa kwa MRI, mashine ya picha yenye sumaku kubwa, inayofuatilia maji yanavyosogea kando ya nyuzi hizo. Mawasiliano ni habari nyingine: mtu hulala kimya ndani ya mashine hiyohiyo dakika 5 hadi 10, ubongo mzima unapigwa picha kila baada ya sekunde 2 hivi, kisha kompyuta inatafuta sehemu ambazo damu yenye oksijeni hupanda na kushuka kwa pamoja. Bharat Biswal na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1995 kwa sehemu zinazoendesha mikono miwili.

Kupanda pamoja si ushahidi kwamba moja inaiamrisha nyingine. Stendi za Muheza na Korogwe hujaa pamoja siku ya kuamkia Idi, hata kama hakuna abiria anayetoka moja kwenda nyingine.

Adui mkubwa wa kipimo hiki ni kichwa kutikisika. Nusu milimita tu inatosha kufanya sehemu za jirani zionekane zimeshikamana kupita kiasi na za mbali zionekane zimeachana. Watoto na wagonjwa hutikisika zaidi, kwa hiyo "ugonjwa" unaoonekana kwenye ramani wakati mwingine ni kutikisika tu.

Basi kipimo hiki kinaweza kuthibitisha kwamba ndugu yangu ana skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo) au sonona?

Hapana. Tofauti zinazotangazwa ni za wastani, kundi la wagonjwa likilinganishwa na kundi la wasioumwa. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, lakini ukiambiwa tu kwamba mtu ana sentimita 168, hutajua ni bwana au bibi. Magonjwa haya hutambuliwa kwa kumhoji mgonjwa na wanaoishi naye: dalili zilianza lini, usingizi ukoje, sauti anazisikia saa ngapi, anakunywa nini. Anayekuuzia picha ya "kuthibitisha sonona" amekuuzia karatasi.

Mbona basi daktari wa akili naye huagiza picha?

Kutafuta kinachojifanya ugonjwa wa akili: uvimbe, damu iliyovuja, usaha. Picha ina maana hasa kama mabadiliko yamekuja ghafla, au yameanza ukubwani kwa mtu ambaye hakuwahi kuumwa akili, au kuna degedege, udhaifu wa upande mmoja, jeraha la kichwa, au kichwa kinachouma kila siku zaidi pamoja na kutapika. Mtu mwenye homa aliyechanganyikiwa apimwe malaria na sukari saa hiyohiyo. Asisubirishwe foleni ya picha, wala asipelekwe kwanza kutolewa mashetani. Kwa kiharusi, CT-Scan, yaani eksirei inayozunguka kichwa, hutangulia kwa kuwa ni ya dakika chache na damu huonekana wazi.

Na kifafa?

Hapo EEG ndiyo huanza. Vidude kama 20 hubandikwa kichwani kusoma umeme wa ubongo wenyewe. Hakuna shoti inayoingia. Huchukua dakika 20 hadi 30: utafumba na kufumbua macho, utavuta pumzi nzito dakika 3, utamulikwa taa ya kumwekamweka.

Kinachokiharibu kipimo hiki ni mafuta ya nazi. Vidude huteleza, na mchoro unajaa mikwaruzo. Osha nywele kwa sabuni usiku wa kuamkia kipimo, usipake kitu, fumua rasta. Kula kama kawaida, na dawa za kifafa usiziache mpaka daktari aseme. Mchoro safi pia haufuti kifafa: wagonjwa wengi hutoka na majibu ya kawaida mara ya kwanza, kwa kuwa dakika zile 30 ubongo ulikuwa umetulia.

Nimepangiwa MRI. Nivue nini?

Kipini cha puani, hereni, pini za ushungi, mkanda, simu, kadi ya benki. Wanja uoshe, kwani wanja mwingine una madini ya chuma. Hirizi pia, hata iliyoshonewa ndani ya kipande cha ngozi ya mnyama, maana ndani huweza kuwa na chuma. Mkabidhi uliyekuja naye. Sumaku inavuta muda wote, hata mashine ikiwa kimya.

Fundi wa kuchomelea aseme mapema. Chembe ya chuma iliyoingia jichoni miaka 10 iliyopita inaweza kusogea na kuchana jicho, ndiyo maana hupigwa eksirei ya macho kwanza. Mwenye betri ya moyo, klipu iliyowekwa ndani ya kichwa kwa upasuaji, au mimba, naye aseme kabla ya kupanda basi la kwenda Muhimbili, si mlangoni.

Ukitoka, omba CD ya picha pamoja na ripoti. Ripoti peke yake haimtoshi daktari mwingine, na CD iliyoachwa juani kwenye dashibodi mara nyingi haifunguki.