Lavenda nyumbani Lamu: tunayoambiana na ukweli wake

Jamani lavenda, huu mmea wa harufu nzuri, tunaiua wenyewe kwa mapenzi. Mtu analeta mche kutoka Nairobi, wiki tatu umekauka, halafu ati "hii haioti pwani".

Kwanza hii ya kusema ni mmea wa ndani. Si wa ndani. Asili yake ni majabali ya upande wa Mediterania, inataka jua masaa 6 mpaka 8 kwa siku, sasa wewe unaipachika kwenye kidaka cha ukutani kwa sababu inapendeza, na nyumba zetu hizi za mawe kuta nene madirisha madogo, jua gani litafika huko? Iweke kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, mahali jua linapofika, ama juu darini.

Ati ikilegea inataka maji. Hapa ndo wengi tunapotea. Yangu ya kwanza nliona majani yamelala nikawa naimwagia asubuhi na jioni kama asumini, ikazidi kulegea nikazidi kumwaga, siku naing'oa mizizi myeusi, inateleza kama mwani na inanuka. Ilikuwa imeoza. Siku hizi nachomeka kidole kwanza, nikisikia unyevu naiacha. Chungu cha udongo chenye tundu chini, mchanga mwingi ndani (si wa ufuoni, una chumvi) na vijiwe vya matumbawe, manake lavenda inapenda udongo wenye chokaa.

Wengine wanalaumu joto. Joto si tatizo sana, tatizo ni hewa yetu nzito yenye unyevu, kwa hivyo usiibane kwenye kona, upepo upite. Na aina pia ina maneno: ile inayoitwa ya Kiingereza inataka baridi ndo itoe maua vizuri, ya majani yenye meno meno inavumilia zaidi huku kwetu.

Ati inafukuza mbu? Chungu dirishani hakifukuzi mbu, harufu iko kwenye mafuta ya majani na inatoka kwa nguvu ukiyasugua. Chandarua usikitoe, tafadhali.

Na ile ya "ni majani tu, hayana neno". Kwa paka yana neno, ndani mna kemikali inaitwa linaloli, akiyala anaweza kutapika na kukataa chakula, na Lamu hii paka wako kila daka (baraza ya mlangoni). Yangu nimeitundika kwa kamba ya kumbi juu ya kiwanda, hata yule wa jirani anayeruka kuta zote hajaifikia.