“Tutambeba” si mpango wa safari

Ukiuliza kama mgeni wa kitimwendo ataweza kufika mlimani, jibu ni lile lile: “Usijali, vijana wapo, tutambeba.” Ndugu zangu waongoza wageni, nawaomba tuliache.

Kumpandisha mtu garini na kumshusha si tatizo. Choo je? Mgeni akijua kila haja ndogo ni mpaka aite vijana wanne, anaacha kunywa maji. Hasemi. Utaona tu chupa uliyompa asubuhi inarudi jioni imejaa. Huko juu hewa ni kavu, kupumua tu kunampunguzia mtu maji, na anayetumia mpira wa mkojo asipokunywa anakaribisha maambukizi. Halafu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hasikii maumivu miguuni: akikwaruzwa kwenye ukingo wa ngazi, au akikalia mkunjo wa nguo kutwa nzima, kidonda kinaonekana usiku anapovuliwa. Pasipo na njia nyingine, abebwe, lakini yeye ndiye aseme ashikwe wapi. Mpango uanze na choo, mandhari yafuate.

Kuna na kauli nyingine: “Hoteli haina ngazi, inafaa.” Mlango wa chumba huwa mpana, wa bafu ndio mwembamba. Mimi nadai picha ya mlango wa bafu, futi ikiwa imenyooshwa juu yake, nilinganishe na upana wa kiti cha mgeni. Wakikataa kupima, natafuta pengine.

“Mlima ni wa wazima.” Bernard Goosen wa Afrika Kusini alifika kilele cha Kilimanjaro kwa kitimwendo mwaka 2003, akarudia 2007. Erik Weihenmayer, asiyeona, alifika 1997. Na nani kasema lazima kilele? Lushoto, kwenye milima ya Usambara, iko kwenye mita 1,400 hivi, lami inapanda kutoka Mombo, na ukiwa Irente, ukingo wa mlima ulio karibu na mji, unaitazama nyika yote chini yako.

“Anakwenda kwa gari, mwinuko hautamsumbua.” Hili ni la hatari. Moshi iko chini ya mita 1,000. Gari likimfikisha Shira, uwanda wa juu ulio magharibi mwa Kilimanjaro, karibu mita 3,500, kwa saa chache, mwili haujapata muda wa kuzoea, awe na ulemavu au asiwe nao. Apumzike kwanza katikati, na gari libaki naye. Kichwa kikiuma na kutapika kukaanza, mshusheni usiku huo huo.