Ukichangia damu mara moja, hulazimiki kuendelea

Kampeni ya kuchangia damu inapofika chuoni, wapo wanafunzi wanaotamani kujitolea lakini wanasita kwa maneno waliyokua wakiyasikia: eti ukianza huwezi kuacha, damu itajaa mwilini na kukuletea presha. Si kweli.

Mwili hautengenezi damu kwa mazoea. Figo huhisi kiasi cha oksijeni kinachozifikia. Kikipungua, hutoa homoni inayouchochea uroto wa mifupa uzalishe chembe nyekundu zaidi. Kiwango kikirudi sawa, homoni nayo hupungua. Chembe zenyewe huishi takriban siku 120 kisha huondolewa, uwe umewahi kuchangia au la.

Kinachotolewa ni kama mililita 450. Majimaji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana Tanzania mwanaume husubiri angalau miezi mitatu na mwanamke minne kabla ya kuchangia tena. Nadhani hapo ndipo uvumi ulipopata nguvu: muda wa kupumzika ukachukuliwa kuwa ratiba ya lazima.

Ukitaka kuanza, uwe na miaka 18 au zaidi na uzito usiopungua kilo 50. Kula vizuri, usiende na njaa kwa sababu ya vipindi vya asubuhi. Utachomwa kidole kwanza kupima wingi wa damu. Ikiwa kidogo utaambiwa usubiri, na siku hiyo unaweza kusaidia kuandikisha wenzako.