Kwa nini udarizi wa Kiswidi hauonekani upande wa nyuma?

Geuza taulo ya jikoni iliyodariziwa kwa mtindo wa Kiswidi. Mbele imejaa mawimbi na nyota za uzi wa rangi. Nyuma ni nyeupe vilevile ilivyotoka dukani, haina fundo wala uzi uliokatiza. Aliyezoea kudarizi foronya au vitambaa vya kochi, ambavyo nyuma yake huwa hatutaki mgeni aione, atadhani ni kiini macho.

Siri imo ndani ya kitambaa chenyewe. Kinachotumika zaidi ni hakabaki, kitambaa cha taulo za mikono. Kwa kawaida uzi wa mtande, yaani wa urefu, hupita juu ya mshindio mmoja, yaani uzi wa upana, na chini ya unaofuata, lakini katika hakabaki baadhi ya nyuzi huruka mishindio kadhaa kwa mpigo, zikabaki zinaelea juu. Ukipapasa utazihisi, mbilimbili, zimejipanga safu kwa safu. Sindano hupita chini ya nyuzi hizo tu, kama mkanda unavyopita kwenye vitanzi vya suruali. Kitambaa hakitobolewi, basi nyuma kutaonekana nini?

Ndiyo maana sindano yake huwa butu: yenye ncha kali ingechoma nyuzi za kitambaa badala ya kuteleza chini yake. Fremu ya kukaza kitambaa nayo haihitajiki.

Jina ni la Uswidi, ila mtindo huu ulivuma sana Marekani miaka ya 1930 na 1940, taulo zikiwa ndizo zinazorembwa zaidi. Kwa mablanketi hutumika kitambaa kizito cha pamba ambacho nyuzi zake hufumwa nnenne, pamoja na uzi mnene wa kufumia sweta. Hicho kifue na kukikausha kabla hujaanza, maana hurudi sana, na pindo zake uzipige zigizaga kwa cherehani zisifumuke. Binafsi ningemshauri anayeanza aliache blanketi kwanza, achukue taulo ndogo.

Kazi huanzia katikati. Kunja kitambaa upate nusu yake, pitisha sindano chini ya jozi ya katikati, kisha vuta mpaka nusu ya uzi ibaki upande mmoja na nusu mwingine. Darizi kuelekea ukingo mmoja. Ukifika, geuza kitambaa juu chini umalizie nusu iliyobaki. Hivyo ua halikatiki vibaya upande mmoja, na mstari mzima unatumia uzi mmoja usio na kiungo. Kwa hiyo uzi ukatwe wa kutosha tangu mwanzo: mistari myepesi hutaka kama mara moja na nusu ya upana wa kitambaa, na yenye vitanzi vingi hufika mara mbili na nusu hadi tatu.

Zigizaga ndiyo ya kujifunzia: jozi moja safu ya chini, inayofuata safu ya juu, kisha chini tena. Usikaze, kitambaa kitajikunja. Ncha za uzi zitafichwa ndani ya upindo.

Hesabu mstari wa kwanza kwa makini, kwa sababu mingine yote huufuata. Ukiruka jozi moja, kosa litapanda nalo hadi juu. Likitokea, chomoa uzi wote na uanze upya. Hakuna tundu litakalobaki.