Lehemu ni moja, si mbili

Juzi nimemsikia tena mtu, karatasi ya maabara mkononi: "Lehemu mbaya imepanda, nzuri imeshuka, basi moyo umeshaziba." Sentensi fupi, makosa mawili.

Lehemu, au kolesteroli, ni aina ya mafuta ambayo mwili hujitengenezea, hasa kwenye ini, na kila seli huitumia katika utando wake. Kiwango chake katika damu ni kiashiria cha hatari ya ugonjwa wa moyo. Maana ndiyo hiyo.

Kinachoniudhi ni hiyo "mbaya" na "nzuri". Kolesteroli ni ileile. Kwa kuwa mafuta hayachangamani na maji, husafiri kwenye damu yakiwa yamefungashwa pamoja na protini. LDL (iitwayo "mbaya") na HDL (iitwayo "nzuri") ni majina ya vifurushi, si ya mzigo. Vya LDL vikizidi hupenya ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, na kunasa humo; vya HDL hurudisha sehemu ya mzigo kwenye ini. Na hata huo uzuri umetiwa chumvi, maana dawa kadhaa zilizopandisha HDL hazikupunguza mashambulizi ya moyo.

Jina nalo lina kisa. Mwanzoni mwa karne ya 19, mkemia Mfaransa Chevreul aliipa dutu ya mawe ya nyongo jina kutokana na Kigiriki: "nyongo" na "gumu". Sisi tukachukua lehemu, ile ile ya fundi anayeunganisha mabati. Neno tamu, lakini linatuchorea bomba lililomwagiwa risasi iliyoyeyushwa, likajaa kidogo kidogo hadi maji yakakatika. Sivyo. Mafuta hujikusanya ndani ya ukuta wa mshipa, na mara nyingi shambulio la ghafla hutokea pale utando unaoyafunika unapopasuka, damu ikaganda juu yake na kuziba njia. Mshipa wenyewe huenda haukuwa umebanwa sana hadi siku hiyo.

Ndiyo maana anayefikishwa hospitali akishika kifua hupimwa umeme wa moyo, na katika damu yake hutafutwa troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Kipimo cha lehemu hakijibu swali la usiku huo; kinazungumzia miaka ijayo.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye karatasi, sema tu: "LDL yangu iko juu." Moyo kuziba, hiyo karatasi haijasema.