Nesi, mwanangu atazaa kweli?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, mlango ukishafungwa. Wiki hii aliyeniuliza ni mama mmoja wa Mbagala, binti yake wa miaka 12 kamwacha nje kwenye benchi. Kwenye grupu la kikoba chao la WhatsApp kuna sauti inazunguka: eti chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, inafunga kizazi.

Nilimpa kichupa cha chanjo akishike. Humo mna maganda matupu ya kirusi, hayana vinasaba, hayawezi kuzaliana wala kumwambukiza mtu. Mwili unaikariri sura ya adui, basi. Kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe. Wanaofika hospitali ya saratani ya Ocean Road wamechelewa huishia kwenye mionzi au upasuaji, na habari ya kuzaa mara nyingi inaishia hapo.

"Sasa mbona mmepunguza sindano? Si mmeona ina sumu?"

Hapo alinibana, na nilimpenda kwa hilo. Ni kweli: tulipoanza nchi nzima mwaka 2018, binti wa miaka 14 alichomwa mara mbili. Tangu 2024 ni mara moja tu, kwa wa miaka 9 hadi 14. Sehemu ya ushahidi ilitoka hapahapa nchini. Wasichana 930 wa Mwanza walifuatiliwa, na miaka miwili baadaye karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga dhidi ya aina ya 16 ya kirusi hicho, ile inayoongoza kuleta saratani ya shingo ya kizazi. Ya pili ya nini tena?

Kuzimia shuleni siku ya chanjo kupo, nimeshuhudia. Foleni juani, tumbo tupu, mmoja anadondoka na watatu wanamfuata. Ni woga wa sindano. Hata hivyo tunawakalisha dakika 15, adrenalini ikiwa mezani, kwa sababu mzio mkali upo, ingawa ni nadra mno.

Mimi ninachoogopa ni barafu. Chanjo hii inataka nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda haimdhuru mtu, ila haimkingi tena. Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, mwenzetu alibananisha vichupa na pakiti za barafu zilizotoka moja kwa moja kwenye friza. Tulitupa vyote. Habari hiyo haikufika kwenye grupu lolote.

Yule mama akaomba aone friji. Nikamfungulia, akainama akasoma kipimajoto mwenyewe: nyuzi 5. Akatoka kwenda kumwita binti.